Umeme wa Kikombe cha Chai

Shati la mume wangu lilinuka petroli. Nilikuwa nimechuchumaa uani mbele ya beseni, mikono imejaa povu, nikalirudisha puani mara ya pili kwa sababu mara ya kwanza sikujiamini. Mtu anayeendesha gari la umeme anatafuta nini kwenye petroli? Tena haikuwa ile harufu ya kupita karibu na kituo cha mafuta ukapulizwa na upepo. Ilikuwa imekolea kifuani na kwenye mikono, pale mtu anapokumbatia dumu.

Ningeweza kulitumbukiza majini nikanyamaza. Nasikia wapo wanawake wa namna hiyo, na ndoa zao zina amani. Mimi nililikamua, nikalitupa begani likinitonea mgongoni, nikaingia ndani.

Kwa siku nyingine yoyote ningemngoja arudi jioni, nimwonyeshe kazi. Lakini siku ile dada yangu mkubwa alikuwa anauza gari lake. Ni gari la petroli aliloachiwa na marehemu mume wake, analosambazia maji ya chupa madukani, na humo ndimo ilimotoka kodi ya nyumba na ada ya watoto wake wote. Alikuwa analiuza adhuhuri ili anunue la umeme kama letu. Aliyemshawishi ni mimi. Nilimshawishi miezi miwili mizima, kwa maneno na kwa mifano, mpaka akalainika.

Mume wangu anasambaza mikate ya bekari. Tulipouza gari letu la zamani na cherehani yangu kubwa ya kushonea mapazia ili tupate hili la umeme, alikaa mezani na kalamu akapiga hesabu mbele yangu. Akasema petroli ya siku moja inakula karibu nusu ya tunachopata, lakini umeme wa nyumbani wa siku moja ni kama bei ya vikombe vitano vya chai mgahawani. Vitano, ndivyo alivyosema. Mimi nilipomsimulia jirani vilikuwa vitatu. Vilipofika kwa dada kilikuwa kimebaki kimoja. Kutia chumvi nimejaliwa, sikatai.

Na dada si mtu wa kudanganyika. Akinunua nyanya huigeuza kila moja kama anaichumbia. Basi akaja nyumbani mwenyewe kuona. Nikamsimamisha ukumbini mbele ya mita. Umeme wetu ni wa kununua kwanza ndipo uwake, na namba za yuniti zinaonekana pale pale kwenye kioo. Nikamwonyesha risiti za kabla ya gari na za baada ya gari. Zilikuwa sawa. Umeme tuliokuwa tukinunua kwa ajili ya taa, friji na pasi ndio ule ule, na ulikuwa unatufikisha mwisho wa mwezi vile vile.

"Mbona haipungui?" dada akauliza. "Gari linakula kweli hili?"

"Linaonja tu," nikamjibu, nimevimba kichwa.

Kila jioni mtaa mzima uliona. Gari linaegeshwa ubavuni mwa nyumba, ekstensheni nene inatoka kwenye dirisha la chumba cha watoto wetu pacha, inaungana na waya wa gari, na mume wangu anasimama hapo akijifuta mikono. Wakamwita Bwana Chaji. Alikuwa akiitikia kwa sauti ndogo, nami nikidhani ni unyenyekevu.

Sasa nilisimama katika kile chumba cha watoto, shati begani, nikiitazama ile ekstensheni. Ilikuwa imezungushwa vizuri chini ya dirisha, ikingoja jioni. Upande wa pili ulipita ukutani na kupotea nyuma ya kabati. Hilo kabati alilihamisha yeye siku niliyokwenda sokoni, wiki ile ile gari lilipofika. Nilikuwa nimemwomba alihamishe mwaka mzima. Niliporudi nikakuta limehama, na kitanda cha watoto kimesogezwa ukuta wa pili, nilifurahi hata nikampikia nyama.

Nikaegemeza bega, nikasukuma. Kabati lenyewe limebeba nguo za watu wanne na mablanketi ya wageni ambao hawaji. Lilipiga kelele sakafuni, likasogea kiasi cha mkono kupita, halafu kiasi cha kichwa.

Plagi ya ekstensheni ilikuwa imelala sakafuni, na buibui alikuwa ameshaifanya kwake. Juu yake, ukutani, soketi ilikuwa imeyeyuka ikajikunja. Weusi ulipanda kutoka kwenye soketi mpaka juu ya kichwa changu, na plasta imepasuka. Pale ndipo vilipokuwa vichwa vya wanangu kabla kitanda hakijahamishwa.

Nilikaa kitandani kwao. Kwangu mimi hasira huwa inatangulia, hofu ikija inakuta nafasi imeshajaa. Siku ile hofu ilitangulia. Nilipopata pumzi ndipo nikaelewa lile jingine: mita haikupungua kwa sababu gari halikuwa linachajiwa hapa. Muujiza niliomwonyesha dada ulikuwa plagi iliyolala sakafuni na buibui.

Nikampigia dada. Imezimwa. Dada akishika usukani huzima simu, ndiyo sheria aliyoachiwa na marehemu, na asubuhi ile alikuwa amesema atazungusha mzigo wa mwisho kwanza, kisha aende moja kwa moja kukabidhi gari kwenye kituo cha mafuta anachojazia siku zote. Nikampigia mume wangu. Iliita mpaka ikakata. Nikapiga tena, ikaita tena.

Nikafunga mlango, nikapanda pikipiki mpaka bekari. Saa za raundi ya pili nilitegemea kumkuta anapakia. Nilimkuta mama mmoja wa kupanga mikate kwenye kreti, kofia ya plastiki kichwani, unga mpaka kwenye nyusi.

"Bwana Chaji?" akasema. "Raundi ya pili kapewa mtu mwingine siku nyingi, Mama Pacha. Hukuambiwa?"

"Nimeambiwa," nikadanganya. "Yuko wapi sasa?"

Akanitazama, akalitazama na lile shati bichi begani. Akashusha sauti. "Mtafute kwa mchomeleaji, nyuma ya maghala ya mbao. Utamsikia kabla hujamwona."

Na kweli. Nilipofika tu kwenye maghala ya mbao nilisikia jenereta likiunguruma. Uwanja wa mchomeleaji ulikuwa umejaa mageti yasiyo na rangi, na katikati yake lilisimama gari letu, jeupe, safi, maneno ya bekari ubavuni. Waya wake wa kuchajia uliburuzika vumbini mpaka kwenye jenereta. Mume wangu alikuwa amechuchumaa, amelikumbatia dumu, amelitegesha kwenye mdomo wa tangi la jenereta, anamimina petroli taratibu isimwagike.

Nikamwambia mchomeleaji azime. Hakuuliza mimi ni nani. Akazima.

Kimya kilichofuata kilinipa nafasi ya kusema kila nililolipanga juu ya pikipiki, na nilikuwa nimepanga mengi. Lakini nilipomwona uso wake yote yalinipotea. Nilimtupia shati mapajani.

"Nimesogeza kabati," nikamwambia.

Akaliweka dumu chini. Akalikunja lile shati, likiwa bichi hivyo hivyo, akalikunja tena.

"Watoto hawakuwepo," akasema. "Ilikuwa mchana. Niliona moshi unatoka ukutani, nikachomoa, nikamwaga ndoo nzima ya mchanga. Nakuapia, watoto hawakuwepo."

"Sikuulizi walikuwepo. Nakuuliza kwa nini sikuambiwa. Wanangu wanalala na ukuta ulioungua, mimi nafagia chumba kila siku, naimba."

"Kile chumba hakina umeme tena. Nilikata waya mwenyewe siku ile ile. Ndiyo maana nikawaletea ile taa ya betri."

Taa ya betri. Niliisifia na hiyo.

"Fundi umeme alisema waya za nyumba ni nyembamba, za zamani," akaendelea. "Za kuwashia taa. Gari linataka waya wake peke yake, mnene, kutoka kwenye mita. Akanitajia bei, na sisi tulikuwa tumeshauza kila kitu mpaka cherehani yako. Nikasema nitatumia jenereta wiki moja tu, nikusanye hela ya waya. Jenereta likawa linaila hela yenyewe ya waya. Kila nikifika Jumamosi sina kitu, nasema basi wiki ijayo."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia lini?" Sasa alinitazama. "Siku ile ile nilirudi kutoka kwa fundi nimejikaza nikuambie. Nikakukuta barazani na mwenye nyumba, unamwambia gari letu linatumia umeme wa kikombe cha chai. Kikombe kimoja, Mama Pacha. Mimi nilisema vitano. Kesho yake ukamwambia muuza mkaa. Nilikuwa nakuogopa. Sasa umeshajua."

Nikamgeukia mchomeleaji, aliyekuwa amejitia kuchagua vyuma ambavyo havikuhitaji kuchaguliwa.

"Na wewe, hili dude lako linakula kiasi gani?"

Akajikuna shingo. "Shemeji, ukweli ni huu. Angebaki na gari lake la zamani, angenunua petroli pungufu kuliko hii. Hapo sijamtoza kitu, namwonea huruma."

Damu ilinichemka, halafu ikapoa kwa mara moja, maana nilikumbuka jua. Lilikuwa limeshapanda.

"Dada anauza gari lake leo," nikasema.

Mume wangu akainuka. "Si ulisema mwisho wa mwezi?"

"Mnunuzi amewahi. Wanakutana adhuhuri kituo cha mafuta, na simu kazima. Hela yote ya gari anaipeleka leo leo kulipia la umeme, kwa sababu nilimwonyesha mita."

Uso ulimsawijika. Dada anapanga kama sisi, nyumba ya zamani kama yetu, na umeme wake unaingia kwa waya ule ule wa kuwashia taa. Angeliegesha gari lake jipya ubavuni, angetoa waya dirishani kama alivyotuona sisi tukifanya. Wala hakuwa na rafiki mwenye jenereta, na gari la kurudia lisingekuwepo tena. Sikuhitaji kumweleza hayo.

"Panda," akasema.

Chaji ilikuwa ndogo, nilimnyang'anya jenereta kabla halijafika mbali. Hakuwasha feni, hakuwasha redio. Aliendesha kwa mwendo ule ule, bila kukanyaga ghafla, akiliachia gari liteleze kila palipo na mteremko, na macho yetu wote wawili yalikuwa kwenye ile namba mbele ya usukani. Gari la umeme halina kelele. Nilikuwa nikilipenda kwa hilo. Siku ile nilitamani liungurume, nisisikie anavyopumua.

Kwenye taa nyekundu akasema, bila kugeuka, "Mwambie lolote."

"Lolote lipi?"

"Mwambie mnunuzi tapeli. Mwambie umesikia magari ya umeme yatashuka bei, asubiri kidogo. Nitaweka huo waya kabla ya mwezi kwisha, hata kama nitabeba magunia sokoni. Lakini usimwambie hili. Ndugu zako wote waliniona mpiga porojo nilipokuja kukuposa. Dada yako peke yake ndiye aliyesema huyu ni mtu wa kazi, mwacheni. Nikiangushwa machoni pake sitakuwa na pa kuweka uso."

Taa ikawaka kijani. Najua msomaji angependa kusikia kwamba nilimkatalia pale pale. Sikumkatalia. Lile wazo lilinikaa vizuri, na si kwa ajili yake tu. Aliyemsimamisha dada mbele ya mita ni mimi. Aliyesema linaonja ni mimi. Niliona haya, na haya yangu ilikuwa kubwa kuliko yake, kwa sababu yeye alikuwa amenyamaza na mimi ndiye niliyekuwa natangaza. Uongo mmoja mdogo wa kusogeza siku ungetuokoa wote. Nilianza kuupangia maneno, barabara nzima.

Mlima wa mwisho kabla ya kituo cha mafuta si mlima, ni mwinuko tu wa kawaida. Gari lilianza kupungukiwa nguvu katikati yake. Namba ilikuwa imeshatoweka, kumebaki alama nyekundu. Mume wangu akalipeleka pembeni, likasimama polepole, bila hata kukohoa.

"Kimbia," akasema.

Nikakimbia. Ndala moja ilikatika nikaiacha, ya pili nikaivua kwa sababu mguu mmoja mrefu unachelewesha. Lami ilikuwa ya moto. Niliuona mnara wa bei za mafuta, kisha pampu, kisha gari la dada, jeupe, limeoshwa likang'aa. Alikuwa ameliosha ili alitoe vizuri. Kando yake alisimama bwana mmoja mwenye mkoba kwapani, na kijana wa pampu akiwatazama kwa uvivu.

Dada alikuwa ameinama juu ya ufunguo. Kwenye kishikio cha ufunguo ule kuna kifungulia chupa cha marehemu, kimeninginia pale tangu alipokuwa hai. Alikuwa anakitoa. Kilikuwa kimeshika kutu, naye alikuwa anahangaika nacho kwa kucha, hataki kusaidiwa.

"Dada," nikasema, nahema. "Usiuze."

Yule bwana akatabasamu kwa subira ya mtu mwenye hela. "Mama, biashara imekwisha. Karatasi tumeshaandikishana."

"Ufunguo ninao mimi," dada akamwambia. Kisha kwangu, "Kuna nini?"

"Bei yake," nikaanza. "Huyu bei yake ni ndogo. Nimesikia kuna mtu, anaweza kutoa zaidi, ukisubiri kidogo tu, hata mwezi..."

Dada alinitazama usoni. Halafu akashusha macho mpaka kwenye miguu yangu.

"Umekimbia peku ukaja kuniambia bei?"

Hapo ndipo uongo wangu ulipokata kamba. Nilikuwa na maneno mengine tayari, nilikuwa nayo barabara nzima, lakini dada amenilea. Aliwahi kunitoa miiba kwenye miguu hiyo hiyo.

"Gari letu halichajiwi nyumbani," nikasema. "Lilichajiwa mara moja, ukuta ukaungua. Mita haikupungua kwa sababu plagi haiingii popote, imelala nyuma ya kabati. Shemeji yako analichaji kwa jenereta la petroli, kwa mchomeleaji. Linakula petroli kuliko hili lako. Na kile kikombe cha chai nilikipika mimi. Yeye alisema vitano."

Kijana wa pampu alikuwa amesogea kusikia vizuri. Yule bwana mnunuzi alikuwa ameacha kutabasamu. Nyuma yangu nilisikia hatua, na sikugeuka, kwa maana harufu ilitangulia. Mume wangu alikuwa amepanda mwinuko kwa miguu. Hakubaki garini kama nilivyodhani atabaki.

Dada akavuta hewa puani, polepole.

"Nilisikia," akasema. "Siku ile shemeji aliponisaidia kushusha makreti ya maji, nilisikia harufu ya petroli shatini. Nikajiuliza petroli ya nini. Halafu nikasema, aah, mdogo wangu ndiye kanionyesha mita kwa mkono wake. Labda pua yangu ndiyo mbovu."

Nililia. Pale pale, mbele ya pampu na watu, na mimi si mtu wa kulia mbele ya watu. Angenitukana ningejibu, matusi nayaweza. Aliiamini mita yangu akaacha kuiamini pua yake.

"Kosa ni langu, shemeji," mume wangu akasema. "Hesabu ni ya kweli, sikudanganya hesabu. Umeme wa nyumbani ni nafuu mara nyingi kuliko petroli, hata leo nakuapia. Niliusahau ukuta. Sikupigia hesabu ukuta."

"Wala mdomo wa mke wako," dada akasema.

"Wala huo," akakubali.

Yule bwana alianza kudai karatasi, muda wake, nauli yake ya kuja. Dada alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia hela yake bado imo mkobani, akachana ile karatasi vipande viwili na kumpa kimoja. Kisha akakisukuma kifungulia chupa kikarudi mahali pake kwenye kishikio. Kurudi kilirudi mara moja, hakikumsumbua.

Kijana wa pampu alikuwa ameliona gari letu kule chini ya mwinuko. "Tuwaletee dumu?" akauliza, na sidhani alikuwa na nia mbaya. Mume wangu alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyepigwa asipopategemea.

Dada ana kamba nyuma ya gari lake, nene, ya kufungia mzigo. Tukateremka mpaka kwenye gari letu, akalirudisha la kwake kinyumenyume mpaka mbele ya letu, wakafunga. Mume wangu akamweleza aende mwendo wa mtu anayetembea, kwa maana gari la umeme halitaki kukokotwa kwa kasi. Dada akakagua fundo, akanyanyua uso kutazama jua.

"Tusubiri giza liingie," akasema. Alikuwa anasema naye, si nami. "Mtaa wenu una macho, shemeji. Hakuna haja waone."

Ilikuwa heshima kubwa aliyompa, baada ya yote. Mume wangu aliifikiria. Nilimwona akiifikiria, ameshika mlango.

"Hapana," akasema. "Tuvute sasa hivi."

Nilipanda kwa dada. Tuliingia mtaani mchana kweupe, gari la petroli mbele, la umeme nyuma, kamba katikati, polepole mno hata watoto walitutangulia kwa miguu. Watu walitoka. Muuza mkaa alisimama na mizani mkononi. Nilikaa nimeangalia mbele, masikio yanawaka moto, na nilitaka kuzama chini ya kiti. Kwenye kioo cha pembeni nilimwona mume wangu ameshika usukani kwa mikono miwili, kioo chake kimeshushwa chote.

Mwenye nyumba alikuwa barazani kwake. "Bwana Chaji," akaita, "kulikoni leo?"

"Ukuta wako umeungua, mzee," mume wangu akamjibu, kwa sauti ya kusikika pande zote mbili za barabara. "Niliunguza mimi. Nakuja kukueleza."

Nyumbani, dada alikwenda moja kwa moja chumba cha watoto. Akasimama kwenye ile nafasi niliyoisukuma asubuhi, akaweka kiganja kwenye weusi wa ukuta, akakiangalia kiganja. Kisha akakiangalia kitanda cha pacha, na pale kilipokuwa zamani. Nilidhani sasa ndiyo natukanwa, nikasimama tayari, kwa sababu ilikuwa haki yangu.

Akatoka akasimama ukumbini, mbele ya mita, pale pale nilipomsimamisha mimi.

"Mkishaweka huo waya wenu mnene," akasema, "mniite. Nitaleta kiti nikae hapa mchana kutwa, gari likila. Safari hii nataka niione inapungua."